Mkato wa Upande

Hakuna mtu aliyemlazimisha Fundi kuchukua keekee, chombo cha kutobolea. Hilo lijulikane mapema, maana baadaye alipoanza kujitetea moyoni mwake alimtafuta kila wa kumlaumu: Mwalimu kwa kumsumbua miaka miwili, Kinyozi kwa mdomo wake, hata jiwe lenyewe. Keekee aliichukua kwa mkono wake, Alhamisi, mkewe akiwa ameenda sokoni, na mlango wa stoo alikuwa ameufunga kwa komeo. Mtu asiye na baya hafungi komeo saa nne asubuhi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Fundi alikuwa amechonga funguo miaka thelathini na moja. Alipochoka, kibanda akamwachia mpwa wake, yeye akahamia kwenye mawe. Alikuwa na wenzake wanane wenye ugonjwa huohuo: kuokota mawe, kubadilishana, kuyapasua, kuyang'arisha, kisha kuyatazama mpaka chai inapoa. Wakaunda chama. Waliyapenda zaidi mayai ya radi. Yai la radi kwa nje ni kama kiazi kilichosahauliwa uvunguni: rangi ya kijivu, vinundu vinundu, hata ukimrushia mbwa hashtuki. Lakini ndani, ukibahatika, kuna akiki, mistari ya buluu na nyeupe na rangi ya asali, mara nyingi imejipanga kwa umbo la nyota. Usipobahatika, kuna tope lililogeuka jiwe zamani za kale. Na kabla ya msumeno kupita hakuna ajuaye, awe msomi awe mpiga ramli.

Kwa sababu hiyo chama kilikuwa na desturi yake, wakiiita kufumba. Watu wawili wakitaka kubadilishana mawe ambayo hayajapasuliwa, husimama mbele ya wenzao, kila mmoja huweka jiwe lake mkononi mwa mwingine, wote wawili hufumba macho na kusema, "Nimeridhika." Wakifumbua, imekwisha. Hakuna kurudishiana, hakuna kununa. Kisha mawe yote mawili hupasuliwa palepale. Kuchungulia ndani ya jiwe kabla ya kufumba lilikuwa kosa kubwa kuliko wizi, maana mwizi huchukua mali yako, lakini anayechungulia huchukua bahati yako na kukuachia tabasamu. Kinyozi, mwenyekiti wao, alishamfukuza mtu mmoja kwa kosa hilo, na mpaka leo wakionana barabarani mmoja anavuka upande wa pili.

Mpasuaji wa chama alikuwa Fundi. Msumeno wa almasi ulikuwa wake, umefungwa kwenye meza ya chuma stooni, na mkono wake haukujua kutetemeka. Kila yai la radi lina mshono hafifu unaolizunguka. Fundi alikuwa akiligeuza jiwe taratibu, akiupapasa mshono kwa ukucha, kisha anakata kwa kuufuata, na nyota inafunguka nzima, nusu hii na nusu ile kama kurasa mbili za kitabu. Hakuwahi kukosea. Watu walimsifu, naye alijifanya hasikii, huku masikio yamemsimama.

Sasa, huyu Mwalimu. Alikuwa mama mtu mzima, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na sita na kustaafu akiwa bado na sauti ya kunyamazisha darasa. Alikuwa na jiwe moja zito kuliko umbo lake, ngozi imejaa vinundu vya mduara, na kwa mjuzi vinundu vile ni kama harufu ya kitunguu kinachokaangwa: unajua kuna jambo jikoni. Fundi alilitamani miaka miwili. Alilibembeleza kama mtu anayeposa. Mwalimu akawa anamjibu, "Subira, Fundi. Nikilichoka, wewe ndiye wa kwanza."

Jumatano moja akampigia simu. "Haya, posa imekubaliwa. Jumamosi tufumbe. Niletee lile lako kubwa."

Ungedhani Fundi angefurahi, alale. Wapi! Hapo ndipo tamaa ilipompanda kichwani. Lile lake kubwa alikuwa nalo mwaka mzima, na kila siku aliliona la kawaida tu. Lilipotakiwa na mwingine, ghafla likapendeza. Je, kama nyota ya maisha yake imo humo, na yeye anakwenda kuitoa kwa mkono wake? Swali hilo lilimtafuna usiku kucha, na asubuhi ya Alhamisi akafunga komeo.

Alitumia biti nyembamba ya keekee. Alitoboa shavuni mwa jiwe, katikati kabisa, moja kwa moja kwenda ndani, kina cha vidole viwili. Kilichotoka ni unga wa kijivu, na baada yake unga wa kijivu. Tope. Fundi akacheka peke yake, tena kwa sauti. Akachanganya gundi na vumbi la jiwe, akaziba tundu, akapaka udongo juu, akalipangusa kwa kitambaa. Hata yeye aliliangalia mara mbili asione kiraka. Basi, tope liende kwa Mwalimu, na la Mwalimu lije kwake.

Lakini akakumbuka jambo. Jiwe likishakatwa huchemshwa kwenye maji ya sabuni kuondoa mafuta ya msumeno. Gundi ile ingelainika. Mwalimu angenyanyua nusu yake kutoka kwenye sufuria, na tundu likamkodolea macho. Fundi alikaa juu ya kigoda akawaza mpaka akapata dawa. Msumeno wake ulikuwa na unene uleule wa ile biti. Akikata kwa kupita ndani ya tundu, msumeno utalila lote, kiraka na ushahidi wake. Ndiyo, mshono ulikuwa upande mwingine kabisa, na mkato huo ungekuwa wa upande. Lakini tope ni tope, ulikate wima ulikate mlalo, nani atajali?

Jumamosi chama kikajaa stooni. Mkewe Fundi akapitisha chai. Fundi na Mwalimu wakasimama katikati, kila mmoja na jiwe lake.

"Hujalichungulia, Fundi?" akauliza Mwalimu. Lilikuwa swali la desturi, la utani, kila mtu huulizwa.

"Mwalimu! Mimi?"

Watu wakacheka, maana kweli, Fundi! Wakapeana mawe, wakafumba. Gizani mle nyuma ya kope zake Fundi alisikia, "Nimeridhika," ya Mwalimu, nyepesi kama ya mtoto, na yake ikatoka imekwaruza. Akakohoa kusingizia vumbi.

Wakaanza na lililokuwa la Mwalimu. Fundi alilikata kwa kufuata mshono, kama bingwa. Lilipofunguka, stoo nzima ikapiga kelele. Buluu ya anga baada ya mvua, pete ndani ya pete, na katikati fuwele zinameta. Mwalimu ndiye aliyepiga makofi ya kwanza. Akamkumbatia Fundi, akampigapiga mgongoni. "Umestahili, ndugu yangu. Umelingoja kama mchumba."

Fundi alisema asante. Alikuwa amepata alichokitaka miaka miwili, na alikuwa akitazama sakafu.

Kisha la pili. Akaliweka kwenye jiliwa, chuma cha kubania, akalikaza. Kinyozi, aliyekuwa ameinama begani kwake kama kawaida yake ya kunyoa watu kwa macho, akasema, "Mbona umelilaza upande? Mshono si huu hapa?"

"Mshono wa hili unadanganya."

"Haya. Bingwa ni wewe."

Msumeno ukalia, mafuta yakaruka, na baada ya dakika nyingi jiwe likaachana. Nusu mbili za kijivu. Tope tupu, isipokuwa katikati kulikuwa na uzi mwembamba wa buluu, kutoka ukingo mpaka ukingo. Kiraka na tundu vilikuwa vimekwenda na maji. Fundi akashusha pumzi.

"Mimi na tope ni ndugu wa damu," Mwalimu akasema, akacheka vizuri tu, na wenzake wakacheka naye.

Kinyozi hakucheka. Alikuwa ameichukua nusu moja, ameilowesha kwa maji, anautazama ule uzi. Akaiinamisha huku, akaiinamisha kule. "Jamani," akasema, "huu si uzi. Hiki ni kitu kimesimama, sisi tunakiona ukingo. Fundi, hebu kata nusu hii kwa kufuata uzi."

"Msumeno umepata moto."

"Utapoa. Kata."

"Si tuache tu, jiwe la watu..."

"Kata, Fundi," akasema Mwalimu. "Hata mimi nataka kuona."

Alikata. Angefanya nini? Na ndani ya lile tope, bapa kama sahani, ikatokea nyota. Nusu ya nyota. Miale mitatu mirefu, buluu iliyokolea kwa pembeni, ikigeuka nyeupe, ikigeuka rangi ya asali kuelekea moyoni, na moyo wenyewe haukuwepo: ulikuwa umekatwa katikati na ule mkato wa kwanza. Wakaikata na nusu ya pili, wakaziweka pamoja kujaribu kuziunga. Hazikuungana. Msumeno ulikuwa umekula kitovu chote. Biti ya Alhamisi ingeingia kidole kimoja zaidi, ingeigusa.

Hakuna mmoja wao aliyewahi kuona nyota kubwa namna ile, na sasa wameiona imeshauawa. Mtu mmoja akavuta chai kwa kelele akajuta. Kinyozi akageuka polepole. "Fundi. Mshono nilikuonyesha kwa kidole. Ulikuwa unaangalia nini?"

Hapo Fundi angesema. Mdomo ulikuwa wazi, maneno yalikuwa manne tu. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na akiona ukuta mbele hukata kona. "Macho," akasema. "Macho yangu siku hizi... sioni vizuri. Nilikuwa naona haya kuwaambia."

Kweli kabisa, ningekuwa mimi ningetaka wanitukane. Hawakumtukana. Kinyozi, na mdomo wake wote ule, alifuta macho kwa mkono wa shati. Mwalimu aliviacha vipande vya nyota yake mezani, akaja akamshika Fundi mikono yote miwili.

"Na umekuwa ukikata hivyohivyo, hutuambii? Vidole vyako je, vingekatika? Jiwe ni jiwe bwana, liende. Kuna daktari wa macho nilimfundisha hesabu mimi. Jumatano nakuja kukuchukua, na usinibishie."

Jioni ile mkewe alimtazama akila. "Eti macho," akasema. "Mtu aliyeona unywele kwenye bakuli juzi, umeme umekatika."

"Mama watoto, hebu niache."

"Mimi nimesema kitu?" Akaondoa vyombo. Fundi angeona afadhali agombezwe.

Siku nne zile zilikuwa adhabu. Jumapili mwanachama mmoja alileta fungu la karoti. Jumatatu akaja mwingine, mzee aliyekuwa karani wa posta, akaketi sebuleni na kumsomea gazeti kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, mpaka matangazo ya vifo. Fundi alikuwa ameshalisoma gazeti lile asubuhi. Akaitikia, "Ehe," na, "Kumbe!" na, "Dunia hii!" Mzee alipoondoka, Fundi aliingia chooni akakaa humo, si kwa haja, ila hapo ndipo palikuwa mahali pekee ambapo hakuna mtu wa kumhurumia. Aliona aibu, aibu ya kweli. Lile jiwe la buluu alilolipata alilifunika kwa taulo. Hakuling'arisha.

Jumatano Mwalimu akaja, amevaa gauni lake la shughuli. Akamshika kiwiko njia nzima. "Hapa kuna shimo. Hapa ngazi: moja, mbili, tatu." Naye Fundi, aliyeliona shimo tangu kona ya pili, akanyanyua miguu kama alivyoambiwa. Walipopita kwenye kibanda cha funguo, mpwa wake akatoka mbio.

"Mjomba, vipi?"

"Macho ya mjomba wako," akajibu Mwalimu kwa niaba yake. "Muombee."

Zahanati ilikuwa chumba cha kusubiri na chumba cha daktari. Daktari, bwana mnene mwenye miwani, alisimama kabisa alipomwona mgeni wake. "Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni ndugu yangu. Mpime kama unampima baba yako. Na mimi nakaa humuhumu."

Akakaa kwenye kiti kilichokuwa ukutani, karibu na ubao wa herufi, mkoba magotini. Fundi akakalishwa mbali, jicho moja limezibwa kwa kijiko cha plastiki. Ubao ulikuwa na mistari minane, herufi zikipungua kadiri zinavyoshuka. Fundi aliiona yote minane. Aliona na maandishi ya chini kabisa pembeni, madogo kama mchanga, yenye jina la kiwanda kilichouchapa. Alikuwa ameamua tangu nyumbani: ataikosa minne ya chini, apewe miwani, aivae chamani, na mambo yaishe. Uongo mmoja zaidi, halafu basi.

"Mstari wa tano, mzee," akasema daktari.

"Huo... unachezacheza."

"Jaribu. Herufi ya kwanza?"

Fundi akakunja uso, akajifanya anakazana. Na alipokuwa akikazana hivyo, jicho lake likaangukia kando ya ubao, kwa Mwalimu. Mwalimu hakuwa akimtazama daktari. Alikuwa amejiinamia kidogo mbele, anamtazama Fundi, na midomo yake ilikuwa ikienda. Haikutoa sauti. Ilitamka P. Akangoja, akaitamka tena, taratibu, akiufungua mdomo vizuri ili kipofu wake aone: P. Kisha akatupa jicho upande wa daktari, kwa hofu, kama mtoto anayeangalia kama msimamizi kageuka.

Mwanamke huyu alikuwa amewahi kumpa binti yake wa kumzaa sifuri kwa kutazamia daftari la jirani. Mji mzima ulijua. Na sasa alikuwa anamwibia Fundi mtihani.

Fundi akakitoa kile kijiko machoni. "P," akasema. "T, Z, F, D." Hakungoja kuulizwa. Akashuka mstari wa sita, wa saba, wa nane, akisoma kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya mashitaka yake. Alipozimaliza herufi akasoma na jina la kiwanda.

Daktari alicheka. "Mzee, macho haya hata mimi ninayataka! Nani kakudanganya kwamba huoni?"

"Mungu mkubwa!" Mwalimu akaruka kitini, mkoba ukaanguka. "Mungu mkubwa, Fundi, mazima! Mazima kabisa! Nami nimekesha..." Na hapo akakoma. Alikuwa mtu wa hesabu. Ungeona jinsi anavyozijumlisha, moja baada ya nyingine, na furaha inavyomtoka usoni. "Sasa kama macho ni mazima," akasema.

"Nilitoboa," akasema Fundi.

"Ulitoboa nini?"

"Jiwe. Kabla ya kufumba. Nikaona tope, nikaziba. Halafu nikakata upande ili nilile tundu. Macho sina shida nayo. Sijawahi kuwa na shida nayo."

Daktari akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Siku gani?" akauliza Mwalimu.

"Alhamisi."

"Kwa hiyo nilipokuuliza mbele za watu, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Na uliponishika mkono ukafumba macho."

"Nilijua, Mwalimu."

Akaokota mkoba wake, akaupangusa vumbi ambalo halikuwepo. Fundi alitamani Mwalimu apige kelele, amwite mwizi, amwite mbwa, zahanati nzima isikie. Lakini sauti ya Mwalimu ilipotoka ilikuwa ndogo. "Jiwe nilishakusamehe Jumamosi. Umelikata vibaya kwa sababu yoyote ile, mimi nilishasamehe. Ila hili la leo. Miaka thelathini na sita sijamnong'onezea mtoto jibu, Fundi. Walinililia, wengine wakafukuzwa shule, sikunong'ona. Leo nimenong'ona. Mbele ya huyu niliyemchapa kwa kosa hilohilo." Akamgeukia daktari. "Mwanangu, uniwie radhi."

"Mwalimu, mimi sikuona kitu," daktari akasema haraka.

"Uliona," akasema Mwalimu. Akafungua mlango, akatoka, na viatu vyake vikasikika chumba cha kusubiri mpaka barabarani, hatua za kawaida, za mtu mwenye safari yake.

Fundi alibaki kwenye kiti chake, kijiko cha plastiki mkononi. Alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na mitatu na hakujua aweke wapi uso wake. Daktari alikohoa, akavuta fomu, akafungua kalamu.

"Mzee, inabidi nijaze hapa. Niandike nini?"

"Andika mazima," akasema Fundi. "Andika kwa herufi kubwa, ugonge na muhuri. Jumamosi nitaisoma mwenyewe mbele ya watu."